Samaki Si Mahindi

Nianze na geti, kwa sababu hasira yangu yote ilianzia hapo.

Nyuma ya boma la baba yangu huko Seme, ukipita shamba la mtama na kushuka kidogo, kuna silanga. Ni bwawa dogo la kuchimbwa. Ukisimama upande huu unaweza kumtukana mtu wa upande ule naye akasikia kila neno. Nilipokuwa mtoto lilikuwa wazi. Ng'ombe walikunywa, akina mama walichota, wavulana waliogelea kisha wakachapwa kwa kuogelea. Miaka ya karibuni watu wa ukoo wakaunda kamati. Kamati ikatia majini vifaranga vya ngege, wale samaki wa ziwani, ikazungushia seng'enge ili mifugo isikanyage kingo, na upande wetu ikaweka geti la mbao. Upana wa geti ulipimwa kwa mama mmoja aliyejitwika mtungi. Ng'ombe asipite, punda asipite, mtu mnene apite kwa ubavu.

Mashua hakuna aliyeifikiria, na kwa hilo siwezi kuwalaumu sana. Kwetu mashua ni ya ziwa kubwa. Silanga ni la ndoo na vyura.

Baba yangu alivua ziwani tangu hajaota ndevu mpaka zikawa nyeupe. Mimi nashona sare za shule mjini Kisumu na nimepanga Migosi, kwa hiyo ndimi niliyekuwa karibu macho yake yalipoanza kumsaliti. Kaka yangu wa pekee yuko Mombasa. Ukimpigia simu anasema atakupigia. Nilimpeleka Baba hospitalini Kombewa. Daktari akamwangaza, akampima, akatueleza taratibu kwamba presha imepanda ndani ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kazi. La kulia liliona bado, lakini kwa kupitia tundu tu, na tundu lenyewe lilikuwa linaziba. Dawa ya matone ingechelewesha, isingezuia. Baba hakuuliza swali hata moja. Tulipotoka nje, karibu na akina mama wanaouza ndizi, akasimama akanishika kiwiko.

"Mimi nataka kitu moja tu," akasema. "Nataka kukaa ndani ya mashua tena, niangalie maji, kabla hii ingine haijafunga."

Hakuomba kupelekwa kwa daktari mwingine, wala hakumtaja mwanawe aliyeko Mombasa. Nikamwambia, Baba, hilo ni jambo dogo. Nikikumbuka nilivyolitamka hilo neno "dogo", nataka kujizaba kofi.

Ziwani asingeweza kurudi. Wenzake wa zamani waliniambia kwa upole, huku wakitazama pembeni, kwamba mtu asiyeona kamba ni hatari kwake na kwa walio naye, na mawimbi ya mchana hayamjui mzee. Lakini silanga halina mawimbi. Mashua yake ndogo, ile aliyokuwa akitegea karibu na ufuo, ilikuwa imelala kifudifudi kwa rafiki yake pwani ya ziwa. Nikatafuta pikapu, tukaipakia, tukaifunga kwa kamba za katani, tukaileta hadi nyumbani. Baba aliizunguka akiipapasa ubavu kwa ubavu. Aligundua mbao mbili zilizolegea na jina la nyanya yangu, alilokuwa ameandika kwa rangi, likiwa limebanduka. Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Tukaibeba mpaka silanga.

Ilikataa kupita getini. Tukailaza ubavu, ikakataa. Tukajaribu kuipitisha juu, seng'enge ikamrarua jirani yetu mmoja suruali mahali pabaya, tukaacha. Mashua ikabaki nje ya ua, imeangalia maji.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Huyu ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kugombana naye ukamaliza. Alinikaribisha uji, akaniuliza habari za mjini, akasikitika sana kuhusu macho ya Baba. Kisha akasema:

"Nyarwa, hiyo geti si ya mimi. Ni ya kamati. Lazima tukae mitingi."

Nyarwa maana yake binti yetu. Ukiitwa hivyo na mtu mwenye cheo, jua umenyimwa kitu.

Kwetu mikutano hufanyika Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya mazishi. Jumamosi ya kwanza nilifunga duka langu, nikatoka Kisumu, nikakuta kamati yote iko kwenye matanga ng'ambo ya barabara, nami nikaenda matangani nikalia na wenzangu kwa kuwa nilikuwa nimeshafika. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu, wakaomba kwa muda mrefu, wakaahirisha kwa sababu hawakutosha. Mara ya tatu walitosha. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kamati yetu hukubaliana kwa Dholuo na hugombana kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kina sauti ya serikali.

"Tukifungua hii ua kwa mashua ya mtu moja," akasema katibu, "kesho mwingine ataleta trakta."

"Nani ana trakta hapa?" nikauliza.

"Mama, ni mfano."

"Mimi nitaifunga tena hiyo seng'enge kwa mikono yangu. Nifungulieni saa moja tu."

Wakatazamana. Mzee mmoja akasafisha koo, akasema kwa heshima kubwa kwamba wananipenda, kwamba nimemtunza baba yangu kuliko wanaume wengi, ila mimi nimeolewa kwingine, na mambo ya ua wa ukoo huzungumzwa na mwanamume wa boma. Nikawaambia mwanamume wa boma yuko Mombasa na ameahidi kupiga simu. Wakasema basi watasubiri simu. Niliondoka pale nikiwa nimeuma ulimi. Mama yangu aliponiona tu alinipa kisu na sukuma wiki nikate, akijua nahitaji kukata kitu.

Wiki zikapita. Baba alitumia matone yake, akashuka kila asubuhi hadi kwenye mashua, akakaa juu yake, upande huu wa seng'enge, akitazama maji. Alikuwa anaona bado. Aliniambia kwa simu kwamba kuna ndege mweupe anayesimama kwa mguu mmoja mahali pale pale, na kwamba ngege wamekua, wanapuliza viputo asubuhi. Kila nilipokata simu niliikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka wateja wakaniuliza kama nimegombana na mume wangu.

Aliyetusaidia mwishowe ni ndama wa mwenyekiti. Mama alinipigia mchana, sauti yake ikiruka kwa kicheko. Ndama alikuwa ameona majani mabichi ndani ya ua, akajisukuma getini, akafika tumboni akakwama. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma, alilia tu. Kamati ikafika yote, siku ya kazi, bila mazishi kuwazuia wala maombi marefu, na geti likang'olewa nguzo kwa nguzo.

"Njoo sasa," Mama akasema. "Geti iko chini. Wakilirudisha tumekwisha."

Nikaacha kola ya watu imekatwa nusu. Nilipofika, ndama alikuwa amepona na kusahau, na wanaume walikuwa bado wanasimuliana alivyokwama. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikawaita majirani, tukaipitisha mashua palipokuwa na geti, ikateremka kwenye matope, ikaingia majini kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Ilikaa sawa. Ilivuja kidogo upande mmoja, Mama akaziba kwa vitambaa na lami. Mwenyekiti alitazama yote hayo akawa anajikuna shingo tu, kwa kuwa ndama alikuwa wake.

Nikamshika Baba mkono. "Haya, Baba. Panda."

Baba akasimama ukingoni. Akatazama mashua, akatazama maji. Niliona jinsi alivyolazimika kugeuza kichwa kizima ili lile tundu lake lishike kila kitu kwa zamu. Kisha akauliza, "Nani amefungua?"

"Geti? Ndama."

"Si geti. Silanga. Nani amefungua kuvua?"

Sikuelewa. Watu wengine wote pale walielewa mara moja. Niliona vichwa vikiitika kimoja baada ya kingine.

Nieleze, kwa ajili ya wale ambao hawakuzaliwa katika balaa hili. Kwetu mtu hapandi mbegu kabla ya mkubwa wake. Mwenye boma hutangulia kutia mbegu ardhini, kisha wanawe kwa zamu ya kuzaliwa. Kuvuna pia ni hivyo hivyo. Mdogo akimruka mkubwa, wazee husema chira itaingia: utakonda bila ugonjwa unaojulikana, na watoto wako watakonda nawe. Mimi ni mtu wa kanisa na cherehani, lakini sijacheka mila hii, maana imezuia ndugu wengi kunyang'anyana mashamba. Ila ni mila ya mtama na mahindi. Babu zetu hawakuwa na silanga lenye vifaranga vya kununua. Kamati hii hii, mwaka ule ilipotia samaki, ilikaa ikaamua kwamba kwa kuwa samaki wamepandwa, basi nao ni mazao, na atakayevua kwanza ni nyumba kubwa. Wakaandaa utaratibu mzima wa boma kwa boma. Na nyumba kubwa ni ya kaka yake Baba, baba yangu mkubwa, anayeishi Obunga mjini, anayetengeneza viatu kando ya barabara, na ambaye akila samaki hujikuna mpaka alfajiri.

Kwa hiyo tangu samaki watiwe hapakuwa na mtu aliyewavua. Walikuwa wakizeeka mle majini kwa heshima ya mtu asiyewala.

"Baba," nikasema, na sauti yangu ilipanda ingawa sikutaka, "samaki si mahindi!"

"Najua samaki ni nini," akasema Baba.

"Basi panda! Usivue. Kaa tu ndani utazame maji."

"Mvuvi akae ndani ya mashua bila ndoano? Nikae kama mzigo?" Akaondoa mkono wake kwangu. "Kaka yangu yuko hai. Siwezi kumpita akiwa hai."

Nilimwambia maneno mengi siku ile. Nilimwambia daktari alisema nini, kama vile yeye hakuwapo. Nilimwambia tundu halisubiri nyumba kubwa. Mzee mmoja akanong'ona, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nami nikamgeukia nikamwambia guu ni langu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi nyumbani akipapasa njia kwa fimbo, na mashua ikabaki majini na maji yake kidogo ndani.

Jumatatu nilikwenda Obunga. Nilikuwa nimempigia Baba mkubwa simu kwanza, akanijibu kwamba mkubwa haitwi kwa simu. Nikamkuta kwenye kibanda chake, katikati ya soli na gundi, na wateja wawili wamekaa juu ya debe wakiwa na mguu mmoja mtupu. Baba mkubwa ni mzee wa kanisa na Kiswahili ndicho anachozungumza hata na kuku, ili watu wajue ameishi mjini. Katika mazishi yote nyumbani yeye ndiye husimama na kukemea mila za giza. Nilitegemea hilo. Nilitegemea atasema upuuzi, mwambie ndugu yangu avue. Nikamweleza kila kitu, macho, mashua, geti, ndama.

Akaweka nyundo chini. "Kwa hivyo wananingoja mimi?"

"Ndiyo, Baba mkubwa."

"Ukoo mzima?"

"Ukoo mzima."

Akanyoosha mgongo. Sijapata kumwona mtu akirefuka hivyo akiwa ameketi. "Unajua, mwanangu," akasema, "kuna mila ya giza na kuna mila ya heshima. Hii ni ya heshima."

Nilimsihi aje Jumamosi. Jumamosi alikuwa na kikao cha kanisa. Iliyofuata goti lilimuuma. Kisha mvua ikaanza, na mtu wa umri wake haendi kwenye maji wakati wa mvua. Kisha ikabainika kwamba anataka kuletewa ujumbe rasmi, si mimi peke yangu bali mtu wa kamati, na mwenyekiti naye akasema hawezi kwenda Obunga bila kamati kukaa. Nilikuwa kati yao kama uzi kwenye tundu la sindano, navutwa huku na huku. Mume wangu aliniambia subira yavuta heri. Nikamwambia aende yeye akavute.

Na Baba alikuwa anabadilika. Siku moja alinisalimu kwa jina la dada yangu. Nilipomkosoa akasema ni kilemba changu kilichomchanganya. Mama alianza kumwekea kijiko mkononi badala ya kukiacha kando ya sahani. Aliacha kushuka silanga asubuhi. Nilipomuuliza, akasema umande unamharibia goti, naye hakuwahi kulalamikia goti maisha yake yote. Niliona mambo hayo yote na yote yaliniudhi. Nilidhani amekata tamaa kwa sababu ya kungoja, nikaongeza bidii ya kumsumbua Baba mkubwa.

Hatimaye akaja. Mvua ilikuwa imekatika, jua jipya, matope yameanza kushika. Alishuka kwenye gari akiwa amevaa koti la kanisani, viatu vyeusi vinavyong'aa, na juu ya koti jaketi la kuokolea, lile la rangi ya chungwa, aliloazima kwa mtu wa boti mjini. Alikuwa amelivaa tangu Kisumu. Alimsalimu Baba, wakashikana mikono muda mrefu, na kwa dakika hiyo sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Ukoo wote ulikuwa ukingoni. Kila boma lilikuwa limeleta ndoano zake, limejipanga kwa zamu yake. Baba aliwekewa kiti cha plastiki karibu na maji, kwa kuwa yeye ndiye wa pili. Nani atapiga kasia? Wavulana walikuwepo, lakini Baba mkubwa alisema hapandi na mvulana. Nikavua viatu. Baba alinifundisha kasia nikiwa msichana, kaka yangu alipokuwa akitapika kila akiona wimbi, na hilo nalo kamati walilitazama wakanyamaza.

Baba mkubwa aliingia kwa kushikwa na watu wanne. Aliketi katikati, akashika ukingo wa mashua kwa mkono mmoja na mshipi kwa mwingine, akiushika kama waya wa stima. Hatukwenda mbali. Akatupa ndoano karibu sana hivi kwamba ningeweza kuifikia kwa mguu. Tukangoja.

"Amepata?" Baba akauliza kutoka ukingoni.

"Bado," watu wakajibu.

Tukangoja tena. Baba mkubwa aliniuliza kwa sauti ya chini maji haya yana kina gani. Nikamwambia hayafiki shingoni mwake. Akauliza kuhusu kamongo, yule samaki wa matopeni, kama huuma. Nikamwambia asipomtia kidole mdomoni hatamuuma. Jua lilipanda, jaketi la rangi ya chungwa likaanza kumtoa jasho mpaka kwenye kola.

"Amepata?"

"Bado, Mzee."

Katibu wa kamati, ambaye nadhani alikuwa na njaa, akapendekeza kwamba labda kutupa ndoano kunatosha, mkubwa ameshatangulia, wengine waendelee. Nilitaka kumkumbatia. Baba akatikisa kichwa.

"Mtu akienda shamba na jembe akarudi, utasema amelima?"

Nikaweka kasia magotini nikafumba macho. Miezi yote ile, safari zote zile, nami nimekaa ndani ya mashua aliyoitaka yeye, na mtu asiyekula samaki, nikimngoja samaki asiyetaka kuvuliwa. Kama ningekuwa na sauti ya simba ningenguruma.

Sijui Baba mkubwa aliona nini usoni mwangu. Au labda alikuwa akimtazama ndugu yake pale kwenye kiti, mikono juu ya fimbo, uso umeinuliwa, akielekea si kwetu bali kando kidogo ya tulipo. Alimtazama muda mrefu. Kisha akavuta mshipi kwa haraka, ukatoka majini na nyungunyungu wake akiwa mzima, ananing'inia, kila mtu anamwona.

"Nimepata!" Baba mkubwa akapaza sauti. "Nimepata, lakini ni mdogo! Nimemrudisha!"

Nyungunyungu alikuwa bado anajipinda hewani. Huyu ni mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kurudi sokoni kurudisha chenji iliyozidi. Niligeuka nikawatazama kamati, nikijua kuna mmoja atakayeinua mkono. Katibu alikuwa anatazama viatu vyake. Yule mzee wa guu alikuwa ameziba mdomo. Mwenyekiti akakohoa.

"Kamati imeona," akasema.

Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa kamati ile nilioushuhudia ukipita bila mjadala. Baba alikuwa ameinamisha sikio. Mtu aliyevua maisha yake yote anajua sauti ya samaki akitolewa na akirudishwa, hata wa ukubwa wa kidole, na hapakuwa na sauti yoyote pale ila ya nzi. Nilimwona anaitafuta, anaikosa.

"Mkubwa amesema amepata," akasema Baba, akasimama.

Tulimshusha Baba mkubwa, naye alipogusa nchi kavu akalivua lile jaketi akamvalisha ndugu yake bila kuulizwa. Baba akapiga hatua kuelekea majini. Mguu wake ukatafuta mashua kushoto, ikawa kulia. Nikamwambia, "Iko hapa, Baba." Akaingia mwenyewe, bila kushikwa, mwili wake ukakumbuka mahali pa kukaa, nami nikapiga kasia hadi katikati ambapo watu wa ukingoni wakawa sauti tu.

Alitia mkono majini. Akakaa hivyo. Kisha akauliza, "Yana rangi gani?"

Nilidhani ananitania. "Si hayo mbele yako?"

Nikamtazama uso. Jua lilikuwa linampiga machoni moja kwa moja, na hakuwa anakunja kope.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kabla ya mvua."

Kabla ya mvua. Kabla ya ujumbe rasmi, na labda hata kabla ya goti la Baba mkubwa. Nilihisi hasira imepanda kutoka kwenye nyayo, na safari hii haikuwa na mahali pa kwenda. Nilitaka kumrukia mwenyekiti, na katibu, na fundi viatu, na ndama kwa kutokwama mapema. Nilitaka kumtikisa huyu mzee mbele yangu mpaka meno yagongane.

"Kwa nini hukusema?" Nilikuwa nalia na kupiga kelele kwa wakati mmoja. "Mbona ulinyamaza, Baba?"

"Ningesema, ungemvuta kaka yangu kwa shati ukamleta."

"Ningemvuta!"

"Ndiyo maana." Akautoa mkono majini akaufuta kwenye jaketi. "Alikuja mwenyewe. Sasa, rangi."

Nilijifuta kamasi kwa mkono wa gauni, nikatazama. Nitasema ukweli, kwa miezi yote ile ya kugombania maji hayo sikuwa nimeyaangalia. "Ya chai," nikasema.

"Chai gani? Ya maziwa ama ya rangi?"

"Ya maziwa. Lakini kule kwa mafunjo ni ya rangi."

"Basi nipeleke huko kwa ya rangi." Nikapiga kasia. Alitia chambo kwa vidole, bila kukosea, akaiacha ndoano ishuke. "Haya. Nini ingine iko?"

Nikaanza kumwambia kwa haraka, maneno yanakanyagana: mafunjo, povu ukingoni, mawingu mawili upande wa ziwa, yule ndege mweupe, Mama amesimama na leso yake kichwani, watoto wamepanda seng'enge, kivuli chetu.

"Pole pole, nyathina, mtoto wangu," akasema. "Sasa hakuna haraka."